Kumrudisha Kaka Nyumbani Timau

Nyinyi wenzangu wa kikundi cha kina mama mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimemjibu nusunusu kwa sababu ya uchovu. Sasa naandika mara moja, msome mkipokezana, na aliyebaki na swali aje nyumbani na sukari yake. Nilishuka Kiambere kumwona kaka yangu Murithi, nikampeleka Timau tulikokulia, nikarudi naye hapa Kianjai. Hayo mnayajua. Ya katikati ndiyo haya.

Kiambere

Murithi ndiye mkubwa wangu. Alishuka Umbeere, upande huo wa Kiambere, akiwa kijana kutafuta kazi kwenye ujenzi wa bwawa, akaoa huko, akanunua shamba, akazoea joto. Mkewe alipofariki, akili yake ilianza kumtoka kidogo kidogo. Siku hizi hajui ni mwaka gani, wajukuu anawasalimia kama wageni, na mimi ananiita "mama" kama anavyomwita mwanamke yeyote anayepita na ndoo.

Hilo la kusahau tulishalikubali. Kilichotushinda ni chakula. Kila jioni jua likianza kushuka anavaa koti zito, anasimama mlangoni na kusema, "Twende nyumbani." Ukimwambia hapa ndipo nyumbani, anakutazama kwa huruma. Ukimletea chakula anashukuru, anakiweka chini, wala hakigusi. Asubuhi ananywa uji, mchana anatafuna ndizi akijisikia, basi. Mshipi wake walikuwa wameutoboa matundu mapya na bado suruali ilikuwa inashuka. Mganga wa zahanati alisema waziwazi kwamba kwa mwendo huo mzee hatafika mvua zijazo.

Wanja, mke wa mwanawe, alinipokea kwenye geti macho yakiwa yamemwiva.

"Tata, mimi nimechoka," alisema, maana ndivyo wanavyomwita shangazi huko. "Nampakulia wa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nampea nyama ile poa, nampea na trei. Anasema asante, anaweka chini. Watu wanaona ni kama namnyima."

"Nani amesema hivyo?"

"Hawasemi na mdomo, Tata. Wanasema na macho."

Mnajua nimepikia shule ya bweni karibu maisha yangu yote. Hakuna mtoto aliyewahi kukataa sahani yangu, hata wale wa malaria. Kwa hiyo nilijiambia shida ni upishi wa Wanja, nikafunga leso kiunoni na kuingia jikoni. Nilimpikia kuku wa kienyeji. Nikampelekea paja na firigisi, wa kwanza kabisa, kama mzee wa boma anavyostahili. Akasema, "Asante, mama," akaweka chini, akaenda kusimama mlangoni na koti lake. Nawaambia ukweli, niliudhika kama mtu aliyetukanwa hadharani.

Kesho yake nilimuuliza nyumbani anakotaka kwenda ni wapi.

"Kule baridi," alisema.

Kiambere jua linachoma mpaka kuku wanatembea wakihema. Kule baridi ni Timau tu, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la ngano, baba yetu alikokuwa akiendesha kombaini ya kuvuna. Nikajiambia tukimpeleka akaione ile nyumba, roho yake itatulia na atakula. Sikuwa na mpango mwingine.

Kiambere hadi Embu

Njagi, jirani yao, alikuwa anapeleka magunia ya ndengu Meru, na kutoka hapo angepanda Timau kununua viazi vya kurudi navyo. Alitupa nafasi mbele kwenye pikapu yake. Njagi ni mtu mzuri, ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kumpita mtu anayemjua, na anajua kila mtu. Tulisimama kuulizia bei ya embe ambazo hazijaiva bado. Tukasimama tena kumpa pole mtu aliyeumwa na nyuki. Tulipofika karibu na Kiritiri tairi likapasuka.

"Mama Mwenda, hii si makosa yangu," alisema Njagi akishuka. "Ni barabara."

"Na tairi ya spea iko wapi?"

"Iko. Ni vile imebaki kwa fundi."

Akaondoka na pikipiki kuifuata. Mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara alitupa kiti kimoja, mimi nikakaa kwenye gunia. Alimpa Murithi hindi bila kumdai, Murithi akalipokea kwa mikono miwili kisha akanirudishia mimi. Nikalila kwa hasira.

Tukiwa tumekaa pale, nilianza kumsimulia, maana nilikuwa nimesikia kwamba wazee wa aina hii hupenda mambo ya zamani. Nilimkumbusha asubuhi za Timau, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu na sisi bila viatu, tulivyokuwa tukimwinua ng'ombe aliyelala ili tusimame pale alipopaacha na joto. Nikamkumbusha kutumwa kwa jirani kuomba moto, kaa moja kwenye mkebe uliotobolewa, na kukimbia nao ukirushwarushwa hewani usizime. Nikamkumbusha maziwa ya mashine, yale yaliyokwisha kutolewa malai, tuliyokuwa tukipanga foleni kuyapokea na mitungi yetu.

"Na memsahibu wa shamba," nilisema, "unamkumbuka na makaratasi yake?"

Mke wa mzungu mwenye shamba alikuwa na mali, lakini hakutupa kitu. Karatasi ya kufungia sukari aliinyoosha kwa kiganja akaikunja, kamba aliifungua fundo kwa fundo akaiweka kwenye kopo. Sisi watoto tulimcheka sana. Siku moja alimwambia mama kwamba yeye alikuwa mtoto Uingereza baada ya ile vita kubwa, na sukari walipimiwa kwa kadi, na peremende moja ililiwa siku mbili, unalamba kidogo, unaifunga tena. Mama alipotusimulia alisema, "Kumbe na wao walikuwa na akina sisi huko kwao," na tangu hapo alimheshimu. Waliporudi kwao walituachia koti la sufu, na Murithi alilivaa mpaka likaisha mikono. Nadhani koti hili la sasa kwake ndilo lile.

Murithi alisikiliza yote kwa adabu. Nilipomaliza akaniuliza kama mimi ni mwenyeji wa pale.

Embu tuliingia njaa ikiwa imetukausha. Hotelini niliagiza wali, maharagwe na nyama ya mbuzi. Mhudumu akamwekea Murithi kwanza kwa kuwa ndiye mzee. Murithi aliitazama sahani, akainuka nayo, akavuka meza mbili, akaiweka mbele ya mzee mwingine mwenye mvi, mgeni kabisa aliyekuwa akinywa chai peke yake.

"Karibu chakula," akamwambia, akabaki amesimama kando yake kama anayengojea kutumwa.

Yule mzee alitukazia macho. "Nani amewaambia mimi sina pesa ya kula? Mnaona kama mimi ni maskini?"

Nilikimbia kuomba msamaha na kumweleza kwamba kaka yangu ni mgonjwa wa kusahau. Mzee akapoa, akatikisa kichwa, akasema hata mama yake alikuwa hivyo. Kisha kwa kuwa nyama ilikuwa imeshafika mbele yake, akaila yote. Murithi alimtazama akila, uso umetulia kabisa. Mimi sikuelewa kitu. Nilikuwa nafikiria nyama yangu.

Embu hadi Meru

Barabara ya Embu kwenda Meru haijui kunyooka. Inashuka mtoni, inapanda, inashuka mto mwingine, na kila mto Murithi alitaka kushuka kujisaidia, na kila aliposhuka alisahau kwa nini. Chuka mvua ilitukuta, Njagi akasimama kufunga turubai ndengu zisilowe. Nkubu alisimama kununua ndizi. Mgongo ulikuwa unaniuma mpaka nikaacha kujibu maneno yake.

Meru tulifikia kwa Mama Zuhura pale Majengo. Ana duka la nafaka na ndiye huwa ananunua ndengu za Njagi, na mumewe ana bucha mlango wa pili. Nimemjua tangu nikiwa nanunulia shule maharagwe kwake. Alitukaribisha kama ndugu, akapika pilau kwa nyama ya bucha yao, na Kiswahili chake kikanifanya nione aibu ya changu.

"Mgeni mkubwa aanze," alisema, akampakulia Murithi sahani iliyojaa. "Karibu, baba. Usione haya, hapa ni kwako."

Murithi aliinama kuinusa. Nikasema moyoni, leo ni leo. Kisha akachukua sahani tupu iliyokuwa mezani, akaifunikia ile pilau, akaisogeza kando taratibu, akaweka mikono mapajani.

Mama Zuhura alinitazama. "Amekifunika chakula changu, Mama Mwenda. Kina nini?"

"Hakina kitu, dada. Ndivyo alivyo."

"Kama ni mambo ya dini, mwambie nyama ni safi."

"Si dini. Hata kuku wangu alimkataa."

Alicheka hapo, kwa kuwa anajua majivuno yangu, lakini niliona limemgusa. Murithi alisimama, akavaa koti, akaenda mlangoni. "Twende nyumbani," alisema. Nilimwambia kesho tutafika, akakubali, akalala bila kitu tumboni. Mimi nilikula pilau yangu nikiwa natamani kulia. Nilianza kuogopa kwamba nambeba mtu kumpeleka akafie njiani.

Meru hadi Timau

Kutoka Meru gari linapanda tu. Baridi iliingia kupitia mlango usiofunga vizuri, na Njagi, mtoto wa Kiambere, alifunga taulo kichwani na kulalamika njia nzima. Mashamba ya ngano yalipoanza kuonekana pande zote mbili nilifuta kioo kwa leso. Nilimgusa Murithi begani.

"Tumefika kule baridi," nilimwambia.

Akatazama nje. "Pazuri," akasema.

Kambi yetu haipo. Nilikuwa nimejiandaa kukuta nyumba zimeinama, au zimebadilishwa mabati, lakini sikuwa nimejiandaa kukuta hakuna kabisa. Mahali zilipokuwa nyumba za mbao pamejengwa nyumba za plastiki za maua, moja baada ya nyingine mpaka bondeni, na waya umezungushwa. Askari wa getini alikuwa kijana mpole, lakini kambi ya zamani hakuwahi hata kuisikia.

"Labda mjaribu kijiji kile cha chini," alisema. "Wafanyakazi wengi wanakaa huko. Lakini nyumba za mbao, hapana, mama."

Nilimshika Murithi mkono tukasimama kwenye waya. Nilimwonyesha mlima, maana huo haujahamishwa. Nikamwonyesha kijito tulichochotea maji. Alitazama kila nilichoonyesha, kisha akavuta koti, jua likiwa linaelekea kuzama, akasema kwa upole, "Mama, twende nyumbani sasa."

Hapo nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka. Sikuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Nilikaa kwenye nyasi nikamwambia Njagi aende akanunue viazi vyake, turudi.

Mvua ikaanza tukishuka kuelekea kijijini. Udongo wa kule ni mweusi na hauna huruma. Pikapu iliteleza, ikainama kwenye mtaro, na magurudumu ya nyuma yakabaki yanazunguka bure. Mwanamke aliyevaa gambuti alitoka nyumba ya karibu akatuita tuingie. Jina lake ni Kinya, anafunga maua kwenye lile shamba, na siku hiyo alikuwa amemaliza kazi mapema.

"Muga," alitusalimu kwa Kimeru, nasi tukaitikia. "Kaeni kwa moto. Hiyo gari haitoki mpaka watu watoke kazi waje wasukume. Nitawapikia."

Alikuwa tayari ana sufuria motoni, mahindi na maharagwe yamepondwa na viazi, na kabichi pembeni. Chakula cha kila siku. Watoto wake wawili walikaa kwenye kigogo wakitazama sufuria kama tulivyokuwa tukiitazama sisi. Murithi alibaki mlangoni na koti lake.

Kinya aliepua. Nilimngoja ampakulie mzee kwanza, na nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha tena. Lakini alichukua bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, akapakua mpaka likajaa, akalifunika kwa sahani, akaliweka kando ya mafiga lisipoe.

"Mtanisamehe wageni," alisema, "naanzanga na hii. Ni ya baba yao. Ako shift ya jioni."

Murithi aliacha mlango. Akaja akalitazama lile bakuli lililofunikwa. Kisha akafungua vifungo vya koti, akalivua, akalikunja, akakaa chini kwenye kigogo pamoja na wale watoto.

"Baba anakuja saa ngapi?" akamuuliza Kinya.

Kinya alidhani anamuulizia mumewe. "Akimaliza kazi atakuja," alimjibu. "Wewe kula tu."

Akampa sahani yake baada ya watoto, na Murithi akala. Alikula akaimaliza, akafuta sahani kwa kidole, akainyoosha mbele aongezwe. Aliongezwa akala tena.

Nililia palepale, na Njagi akajifanya anaangalia mvua. Kinya aliuliza kama kuna mtu amekufa. Ilinichukua muda kumweleza, kwa sababu nilikuwa najielezea na mimi mwenyewe.

Kwa mama yetu chungu hakikuguswa mpaka fungu la baba litoke. Lilitoka la kwanza, likafunikwa, likawekwa kando ya moto, hata kama baba yuko mbali na kombaini na hatujui atarudi lini. Mtoto aliyekula kabla bakuli la baba halijafunikwa, alikuwa amekula cha baba yake, na hilo halikuwa jambo dogo nyumbani kwetu. Lilikuwa jambo la kila jioni, la kawaida kiasi kwamba katika yote niliyomsimulia njiani, barafu na ng'ombe na memsahibu, hilo halikunijia kamwe.

Na sisi je? Kila mahali tulimpakulia wa kwanza. Kiambere wa kwanza, kwangu paja na firigisi, Embu wa kwanza, kwa Mama Zuhura wa kwanza. Tulikuwa tunamwekea mbele chakula cha baba yake na kumwambia ale. Ndiyo maana alitafuta mzee wa kumpa, na alipokosa mzee akakifunika. Tulimheshimu mpaka karibu afe njaa.

Timau hadi Kianjai

Wanaume walipotoka kazini walikuja kusukuma gari, wakiwa na baba wa wale watoto, ambaye alikula bakuli lake akiwa amesimama na tope hadi magotini. Murithi alimtazama akila, akatabasamu. Tulilala hapo kwa Kinya, na asubuhi Njagi akapakia viazi.

Nilimpigia Wanja simu tukiwa bado njiani. Nilimweleza yote.

"Kwa hivyo haikuwa chakula yangu," alisema.

"Haikuwa chakula chako, mwanangu. Hata changu haikuwa."

Alicheka, kisha nikasikia analia, nikamwacha alie. Tulikubaliana Murithi akae kwangu kidogo Wanja apumzike, kisha nitamrudisha, na yeye ameshatenga bakuli.

Wawili wenu mmeniuliza ile sahani iliyofunikwa jikoni kwangu kila jioni ni ya nani, na mimi ni mjane. Sasa mnajua. Hutoka ya kwanza. Murithi akiuliza baba anakuja saa ngapi, namjibu kama alivyojibu Kinya, na anakula. Suruali bado inashuka, lakini tundu moja kwenye mshipi tumeshalirudisha.

Zamani baba alipolala shambani na kombaini, fungu lake lilikuwa letu asubuhi, likiwa limepoa, na Murithi kama mkubwa ndiye aliyeligawa. Jana asubuhi nilimkuta jikoni amelifunua bakuli. Aligawa viazi katikati kwa kijiko, taratibu, akala upande mmoja, ule mdogo. Nikakaa mbele yake na chai yangu. Ule mwingine akaufunika.

"Huli hicho?" nikamuuliza.

"Hapana, mama," alisema. "Hicho ni cha Gacheri. Hajarudi."

Gacheri ni mimi. Nilingoja mpaka atoke nje kuota jua, nikafunua, nikala. Kilikuwa baridi, na sikubakiza.